Kurudi Mbeya na pasi ya ugenini

Nilizaliwa Tukuyu, lakini serikali inanitambua kama mgeni. Niliuguza wagonjwa Uingereza miaka 29, nikachukua uraia wao, na kwa sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 Utanzania wangu ukaishia hapo. Nililijua hilo tangu mwanzo. Ila kulijua ni jambo moja, kuulizwa na mtendaji wa mtaa ni lingine. "Mama, unaongea Kinyakyusa kunishinda, halafu unataka barua ya mgeni?" Aliniandikia, huku anacheka.

Niliingia kwa viza ya kawaida, dola 50, siku 90. Nikajisahau kwa ndugu, misiba na ndizi za Rungwe mpaka zikabaki wiki tatu. Usinifuatishe. Mstaafu huomba kibali cha ukaazi daraja C, maombi yanafanyika mtandaoni, na kiambatisho kimoja kikikosekana unarudi nyuma. Kilichoniokoa ni barua ya pensheni na taarifa za akaunti yangu ya kule, ambayo sikuifunga. Maana benki niliyoiendea Mwanjelwa ilitaka kwanza kibali, na kibali kilitaka kwanza ushahidi wa fedha. Ningefunga ile akaunti ya zamani ningekuwa nazunguka mpaka leo.

Bima ya afya sina mengi ya kusema. Kampuni mbili zilinikataa kwa umri, ya tatu ikanikubali bila kugusa presha yangu. Dawa za presha najinunulia.

Kiwanja kiko kwa jina la dada yangu, kwa kuwa wakati ule asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi hapa isipokuwa kwa uwekezaji. Namwamini. Lakini wanawe watano siwajui vizuri hivyo.

Sasa pensheni yenyewe, ile ya serikali ya Uingereza. Kwanza, ukiishi Tanzania haipandi kila mwaka kama kwa walioko Uingereza. Inabaki pale pale ilipokuwa ulipohama. Pili, mara kwa mara wanatuma fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai, na una wiki 16 kuirudisha ikiwa na sahihi ya shahidi. Yangu ilifika kwenye sanduku la posta la dada. Akaona bahasha ya Kizungu, akadhani matangazo, akaiweka kabatini chini ya vitenge. Nilishtuka mwezi pensheni ilipokatika.

Nilipiga simu wakatuma nyingine, nikaipeleka kwa mchungaji, ambaye ni miongoni mwa wanaokubaliwa kuwa mashahidi. Akavaa miwani, akaisoma yote, mbele na nyuma, akanitazama.

"Niandike kwamba uko hai?"

"Ndiyo, baba mchungaji."

"Na Jumapili uliimba alto?"

Akagonga muhuri wa usharika mara mbili, wa kwanza ulikuwa umefifia. Malimbikizo yalilipwa baadaye. Siku hizi nina sanduku langu mwenyewe hapa mjini, na kila Ijumaa nalifungua, hata kama mvua inanyesha.