Friza la mama na zile uniti 75

Mwaka 2019 nikiwa Reading, Uingereza, nilijibana miezi minne nikamtumia mama hela ya friza, yale ya kulala, auze barafu na juisi ya ubuyu pale Kilosa, mkoani Morogoro, maana joto la kule mnalijua. Akanitumia picha, friza limevalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, nikaridhika. Sasa nimerudi mwezi wa nne mwaka 2025, miaka 13 sijakanyaga, siku ya kwanza tu naenda kufungua friza nipate maji ya baridi, nakutana na ndoo ya unga, vitenge viwili na mkoba wa vyeti vya marehemu baba. Halijachomekwa. Nikauliza mama hili si limekufa? Akaniambia "liko zima kabisa mwanangu, ila linakula umeme, litanitoa kwenye mia."

Mie mia gani tena? Nilikaa kama mjinga mpaka jioni ndo mpangaji wa uani akanielewesha. Ni kwamba mteja wa nyumbani mwenye matumizi madogo anauziwa uniti kwa shilingi 100, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya juu yake ni 350, na ukizoea kuvuka unahamishiwa tarifu ya kawaida, yaani kundi la bei ya wengi, ambayo ukijumlisha na makato inafika kama 356. Yaani elfu moja ya mama ukitoa makato inatoa uniti nane, elfu moja yangu nikipanga Dar inatoa mbili na pointi. Mama hajasoma hizo tarifu popote ila anazijua kuliko mie niliyekuwa nakesha kwenye magrupu ya wasapu nabishana kuhusu Bwawa la Nyerere la kufua umeme, mashine tisa, megawati 2,115, nikijiona nafuatilia mambo ya nyumbani kumbe friza langu lenyewe lilishageuzwa kabati la unga na sijui.

Halafu kuna mchezo wa tarehe moja, huu ndo ulinichekesha mpaka basi. Tangu mwezi wa nane 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla, ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda 1,500, na inachukuliwa pale unaponunua umeme kwa mara ya kwanza mwezi ukianza. Sasa nyumba ya mama mita ni moja, mama na mpangaji wanapokezana kununua. Mwezi ukiingia hakuna anayetaka kuwa wa kwanza! Mama anazima taa saa mbili usiku anasema macho yanamuuma, mpangaji naye anapika kwa mkaa anajifanya kuukumbuka wali wa mkaa, mita inapiga kelele piii piii na kila mtu anajifanya haisikii. Nilipofika mie mgeni mwenye hela nikawanunulia ya elfu tano nikitegemea uniti kama 41, meseji ikarudi uniti 28, nikawa nataka kupiga simu huduma kwa wateja, wakati huo wale wawili wanaangaliana wanacheka. Kisheria kodi ni ya mwenye nyumba, mpangaji akikatwa ana haki ya kufidiwa kwenye pango, ila nani atamwambia mama hivyo, mie simo.

Na kwenye ileile meseji kuna REA, makato ya umeme wa vijijini, asilimia tatu, hiyo nayo nilianza kuilalamikia mpaka nilipoenda kwa mjomba kijijini upande wa Kimamba, nyumba ya tope, taa inawaka. Aliunganishiwa kwa 27,000. Hizo asilimia tatu za watu wote ni sehemu ya hela inayopeleka nguzo kule. Basi nikanyamaza.

Laini ya simu sasa. Ile namba yangu ya zamani nilipiga kwa kujaribu, akapokea baba mmoja ana sauti nzito, shikamoo, marahaba, we nani? Nikakata. Usajili wa alama za vidole mwisho ulikuwa tarehe 20 mwezi wa kwanza 2020, na mie kidole changu kilikuwa Uingereza. Kupata mpya lazima namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti changu kuna karani alinikosea herufi moja nikiwa mchanga, jina la baba limeandikwa tofauti na la kwenye pasi. Nimezungushwa ofisi moja wiki tatu, njoo kesho, mhusika yuko semina, lete barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti amenijua toka natembea peku lakini na yeye lazima agonge muhuri kwamba ananijua. Mpaka leo natumia simu ya mama, mtu akinitumia hela mama anajua mie sijui.

Lakini bora mie pasi yangu ni ya Tanzania. Dada yangu alichukua uraia wa Uingereza, na kwetu uraia ni mmoja tu, ukichukua wa kwao wa kwetu unaondoka. Wakenya tangu katiba ya 2010 wanashika zote mbili. Baba alipofariki 2017 mie karatasi zangu za makazi zilikuwa hazijatoka sikuweza kusafiri, akaja dada peke yake, pale airport akalipa dola 50 za viza ndo akaenda kumzika baba yake. Hili hata leo akilisimulia anaanza na kucheka anamalizia vibaya. Na lile shamba la baba ndo kikao cha juzi, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, mjomba akasema liandikwe jina langu tu mambo yaishe. Dada yuko kwenye simu spika imewekwa juu ya friza, akasema sawa. Alisema sawa haraka mno. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha hadhi maalum kwa diaspora, yaani wenye asili ya kwetu waliochukua uraia wa nje, nimemwambia aombe, akaniuliza "nitapiga kura?" Nikamwambia hapana. Akasema ngoja nifikirie.

Msinielewe vibaya sijaja kuponda. Nimepanda treni ya umeme Dar mpaka Kilosa, mie niliyekulia na ile ya mkoloni ikikwama mto ukijaa, nimekaa dirishani kama mtoto. Mtoto wa kaka anasoma hajawahi kurudishwa nyumbani kwa ada, kwetu ilikuwa kawaida kila muhula, ila michango ya chakula bado ipo.

Friza nimelichomeka wiki mbili, mama akawa anaangalia mita kama mgonjwa wa dripu. Nimempigia hesabu za barafu, kwamba hata kwa 356 anaweza kubaki na faida, hataki, anasema barafu ni msimu, mia ni ya kila siku. Niko Dar sasa hivi kwenye mambo ya cheti, kanitumia meseji asubuhi: "unga nimerudisha mahali pake. Tarehe moja ni kesho, usiponunua wewe tutalala giza."