Kabla ya bei, niliuliza dawa ya kuyeyusha

Mashimo chini ya macho yangu ni ya ukoo. Mama anayo, shangazi zangu wanayo, na hakuna usingizi wala krimu iliyowahi kuyajaza. Nilipoamua kuchoma fila, yaani sindano ya kujaza mashimo hayo, nilikuwa naishi England, ambako sheria ilikataza kumchoma aliye chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo, lakini haikumlazimu mchomaji awe daktari wala muuguzi. Mtu mzima ajilinde mwenyewe.

Kwa hiyo kila niliyempigia simu nilimuuliza kwanza: una hayaluronidesi hapo ulipo? Fila ya sehemu hii kwa kawaida ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, na hayaluronidesi ndiyo inayoiyeyusha. Ni dawa ya kuandikiwa na mtaalamu, si ya kununua tu. Jeli ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa. Mishipa ya pale imeungana na ya jicho, hivyo mtu anaweza hata kupofuka. Ni nadra, ila ikitokea, mara nyingi hata dawa hiyo hairudishi uoni. Wapo walionijibu kwa kunitajia punguzo la bei. Hao niliachana nao.

Daktari niliyemchagua alifungua kabati akanionyesha vichupa vyenyewe. Akaniambia wazi kwamba weusi wa chini ya macho yangu kwa sehemu ni rangi ya ngozi, fila haitauondoa. Na kwamba ningekuwa na mifuko iliyovimba chini ya macho asingenichoma, maana jeli huvuta maji.

Alitumia kanula, sindano yenye ncha butu, akaiingizia shavuni. Inapunguza hatari, haiimalizi. Jeli aliiweka chini kabisa, karibu na mfupa, kwa sababu ngozi ya pale ni nyembamba na ikikaa juujuu huonekana kama kivuli cha bluu. Alisukuma polepole mno, chini ya nusu mililita kila upande. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu weupe wa ngozi iliyokosa damu hauonekani kirahisi, basi alikuwa akiibonyeza, anaachia, anatazama damu inavyorudi, kisha analinganisha na upande wa pili. Akanifundisha nifanye hivyo nyumbani.

Alinipa namba ya simu ya usiku. Maumivu makali au madoa kama wavu kwenye ngozi, nimpigie saa hiyohiyo; macho yakiona ukungu, niende moja kwa moja hospitali, idara ya dharura. Nilivimba kidogo tu. Mashimo yamepungua, weusi uko palepale kama alivyosema.