Mishale mitatu juu ya dashibodi

Mtu aliyeniuzia pikapu ile alikuwa ameshaifunga chipu ya kuongeza nguvu. Aliponikabidhi funguo aliniambia jambo moja tu: ukivuta trela mlimani, usiilazimishe. Vizuri, lakini dereva atajuaje kwamba ameilazimisha? Dashibodi ilikuwa na mshale wa kasi, wa mizunguko, wa mafuta na wa joto la maji. Huo wa maji ndio wengi tunaoutegemea, nao hausemi yote. Kwenye magari mengi ya siku hizi kompyuta huushikilia katikati hata joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa, dereva asije akaingiwa na hofu bure. Ukiona umeondoka katikati, ujue mambo yameshakuwa mabaya.

Tena maji hayakwambii kinachoendelea juu ya pistoni. Kwenye dizeli, kadiri unavyomimina mafuta bila kuongeza hewa, ndivyo moshi unavyozidi kuwa moto, na chipu kazi yake ni hiyohiyo ya kumimina. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, madini ambayo yakiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Zinasalimika kwa sababu mwako ni wa vipindi na zinapozwa kwa oili inayorushwa kutoka chini. Ukikandamiza mafuta kwa muda mrefu mlimani, salama hiyo inakwisha huku mshale wa maji umetulia pale pale.

Nikamwendea fundi mmoja mzee, bingwa wa malori, nikiwa na orodha ndefu ya geji nilizozitaka. Akaivuta karatasi, akatoa kalamu sikioni.

"Kijana wangu, mshale wa volti ukishuka ukiwa barabarani, wewe utafanya nini?"

"Nitaendelea mpaka nifike, mzee."

Akaikata. Joto la oili ya injini, akakata. Kila geji aliiulizia swali lilelile, na ile ambayo sikuwa na jibu la mguu au la mkono juu yake ilitoka. Zikabaki tatu: presha ya tabo (ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini), joto la moshi, na joto la oili ya giaboksi, kwa kuwa gari ilikuwa ya otomatiki. Tulibishana kidogo juu ya presha ya mafuta. Alisema hiyo ni ya kupimwa gereji wakati wa sevisi. Mpaka leo naona hapo hakuwa sahihi: pampu ya presha kubwa ikikosa mafuta ya kutosha kutoka kwenye tangi inajila yenyewe, na bei yake si ya mchezo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na kalamu.

Presha ya tabo na joto la moshi huenda pamoja, ndiyo maana hakukubali nichukue moja niache nyingine. Presha ikiwa juu na moshi ukiwa moto, injini inafanya kazi kweli. Moshi ukipanda na presha imegoma chini, kuna mpira wa intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, uliochomoka au kuachia, na hewa inapotea njiani. Mshale mmoja peke yake usingekwambia hilo.

Kwenye presha nilitaka geji inayofika psi 60, kwa kuwa ndizo zinazoonekana kwenye magari ya mashindano. Injini yangu hata na chipu ilikuwa ya psi ishirini na kitu. Kwenye geji ya 60 mshale wangu ungeishia kabla ya nusu, na tofauti ya psi 2 usingeiona. Tukachukua ya 35, ya kimakanika. Ndani yake kuna kibomba kilichopinda ambacho hujinyoosha presha ikiingia na kuusukuma mshale, kitu alichokipatia hataza Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na bado kinafanya kazi bila waya hata mmoja zaidi ya ule wa taa. Kijibomba cha nailoni kinachotoka injini kuingia kwenye kabini kinabeba hewa tu, kwa hiyo kikipasuka hasara ni kelele. Mzee alisisitiza kwamba bomba la mafuta au oili lisiingie kabini kamwe. Vitu hivyo vipimwe na sensa ya umeme huko huko mbele, waya ndio uingie.

Kisha mahali pa kuzifunga. Nilikuwa nimeshachagua kasha la matundu matatu ya milimita 52 linalokaa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Ndiyo sura ambayo kila mtu anaipenda. Mzee akafungua mlango, akaweka kidole kwenye ile nguzo mahali palipoandikwa SRS kwa herufi ndogo. Eabegi ya pazia, mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Ikifumuka, kasha na geji zake vinaruka, na kichwa cha dereva kiko hapo hapo jirani. Kasha la nguzo likarudi kwenye boksi, tukatafuta la kukaa juu ya dashibodi, chini kiasi cha kutoziba barabara.

Kazi nzito ilikuwa ya moshi. Geji hii inatumia themokapo: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, ambazo zikipata joto huzaa umeme kidogo mno. Ya aina ya K, iliyo ya kawaida kwenye magari, kwa nyuzi 700 hutoa milivolti 29 hivi. Ncha hiyo unaweza kuiweka baada ya tabo, kwenye bomba la eksozi, au kabla yake, kwenye manifoldi, chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote. Wengi huogopa kabla, wakihofia ncha ikikatika itaingia kwenye tabo. Lakini tabo yenyewe hula joto la moshi ili izunguke, hivyo nyuma yake unasoma nyuzi mia moja au zaidi pungufu, na upungufu huo hubadilika kila mzigo unapobadilika. Mzee alisema hajaona faida ya kununua kipimo halafu ukae unakisia.

Nilidhani atatoboa manifoldi ikiwa mahali pake. Kuna mafundi wanaofanya hivyo, drili imepakwa grisi ili inase chenga, na wengine huacha injini ikiunguruma ili moshi uzisukume nje. Yeye alianza kufungua bolti za tabo.

"Mzee, si tutachelewa?"

"Tabo ikimeza chenga moja ya chuma utanunua geji na tabo. Nishikie tochi."

Tukaitoa. Bolti moja iligoma, akaipasha moto, akaiacha ipoe, akaipasha tena. Wakati huo wote anaimba chinichini. Akachagua pale mikondo ya silinda inapokutana karibu na mdomo wa tabo, akapima kwa jicho na kidole ncha itafika wapi, maana inatakiwa ielee katikati ya mkondo bila kugusa ukuta. Akaanza na drili nyembamba, akamalizia na ya milimita 8.7, grisi ikitoka nyeusi kwa unga wa chuma cha kalibu. Halafu tapu, kifaa cha kuchonga njia ya skrubu ndani ya tundu, ya inchi moja ya nane, ile ambayo skrubu yake hukaza kadiri unavyoingia. Hiyo alikwenda nayo taratibu kweli, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, akisimama kujaribisha kifungio, kwa sababu ukiipeleka ndani kupita kiasi tundu linapanuka na kifungio hakikazi tena. Akaingiza sumaku kupitia mdomo wa manifoldi, kisha mashine ya kuvuta vumbi, kisha sumaku tena. Gasketi mpya, tabo ikarudi.

Nyaya tulizimaliza haraka. Umeme kutoka kwenye fyuzi inayowaka na swichi, taa za geji kwenye waya wa mwanga wa dashibodi ili zififie pamoja nayo usiku, athi kwenye bodi. Cha kuangalia ni waya wa themokapo: kwa viwango vya Marekani mwekundu ndio hasi na wa njano ndio chanya, na fundi umeme aliyezoea magari mkono wake unaweza kwenda kinyume bila kufikiri. Wala haukatwi ovyo ukaungwa kwa waya wa shaba. Uliozidi tuliuzungusha tukaufunga nyuma ya dashibodi. Sensa ya giaboksi ilikaa kwenye bomba linalotoka toki konveta, chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili, kwenda kwenye kipoza, kwa kiungio cha njia tatu. Kabla ya kukaza geji mzee alizizungusha kwenye matundu yake mpaka sehemu ya kawaida ya kila moja ikawa imeelekea juu, hata kama namba zilikaa upande. Mshale ukilala, unauona bila kusoma.

Tukafunga trela lenye mzigo tukapanda mlima. Tambarare moshi ulikuwa nyuzi 400 na kidogo. Mlimani nikakanyaga kama nilivyozoea: 550, 620, 680, presha psi 22, mshale wa maji umelala usingizi katikati.

"Shusha gia."

Nikashusha. Mizunguko ikapanda, hewa ikaongezeka, mafuta ya kila mwako yakapungua, na moshi ukarudi hadi 590 kwa kasi ileile. Giaboksi haikusogea sana, karibu nyuzi 90, kwa sababu konveta ilikuwa imejifunga, inazunguka pamoja na injini bila kusaga oili.

Hiyo niliitarajia. Ambayo hatukuitarajia, hata yeye, ilitokea tuliporudi na nikaanza kurudisha trela nyuma kwenye kijilima cha kuingilia uwanjani. Polepole kabisa, mguu haukazi, na mshale wa giaboksi ukaondoka: 100, 115, ukavuka 120. Konveta ilikuwa inasaga oili bure, trela halitembei. Mzee akaniambia niweke nyutro, nipandishe mizunguko kidogo ili oili ipite kwenye kipoza. Tukasubiri ushuke. Ardhi pale ilikuwa ya udongo, matairi yanaweza kuteleza kidogo, kwa hiyo gia nzito ya miguu yote minne isingeumiza kitu. Nikaiweka ili konveta isisage oili sana, nikalirudisha trela mpaka ndani. Mshale haukufika 100.