Kiwavi Niliyemsahau Chupani

Niliwahi kufuga viwavi wawili wa nondo, ndugu wa kundi moja la mayai, kila mmoja katika chupa yake yenye udongo kidogo. Walipokuwa wamenona vya kutosha nilisafiri kwa siku nne. Mmoja nilikuwa nimemwekea tawi bichi lililochomekwa majini, na wa pili, kwa uzembe wangu, alibaki na majani mawili yaliyonyauka siku hiyohiyo. Nilirudi nikitarajia kumkuta huyo wa pili amekufa au amedumaa, kumbe wote wawili walikuwa wameshajichimbia udongoni, tayari kwa hatua ya pupa, ile iliyo kati ya kiwavi na nondo. (Lugha yetu ina kejeli hapa, kwani neno pupa, ambalo kwetu ni papara na ulafi, ndilo tulilolipa hatua ambayo mdudu hali chochote wala haendi popote.)

Nilikuwa nikiamini kwamba dhiki humchelewesha kila kiumbe kinachokua. Kwa wadudu jambo hilo ni kweli nusu tu, na nusu nyingine imo katika homoni zao.

Zipo mbili za kuzingatia. Ekdisoni, inayotoka katika tezi za kifuani, humwamuru mdudu ajivue gamba, na homoni ya uchanga, inayotoka katika tezi mbili ndogo nyuma ya ubongo, huamua ni nani atakayetoka ndani ya gamba hilo. Homoni ya uchanga ikiwa nyingi, anatoka kiwavi mkubwa zaidi. Ikipungua hadi karibu kwisha, anatoka pupa. Juu ya zote mbili umekaa ubongo, ambao hutoa homoni yake ya kuziamsha tezi za kifuani. Viwango vyenyewe ni vidogo ajabu: mwaka 1954 Adolf Butenandt na Peter Karlson, nchini Ujerumani, walitumia takriban kilo 500 za pupa za nondo wa hariri ili kupata miligramu 25 tu za ekdisoni safi.

Mamlaka ya ubongo yalikuwa yamegunduliwa mapema zaidi na Stefan Kopeć wa Poland, kwa uzi tu. Alimfunga kiwavi katikati ya mwili, akakaza hadi damu isipite. Alipofunga mapema, sehemu ya mbele iligeuka pupa na ya nyuma ikabaki kiwavi; alipochelewa kufunga, sehemu zote mbili ziligeuka, kwa sababu ujumbe ulikuwa umeshapita. Naliona jaribio hilo kuwa zuri kuliko mengi yaliyofanywa baadaye kwa mashine za gharama, maana linaonyesha kwa macho kwamba kuna saa ambayo, ikishapita, amri hairudishwi tena.

Kwa njaa, saa hiyo hupimwa kwa uzito. Kiwavi wa nondo wa tumbaku, anayeitwa na wataalamu Manduca sexta, akinyimwa chakula kabla ya kufikia gramu 5 hivi katika hatua yake ya mwisho ya ukiwavi, homoni ya uchanga hubaki juu na safari yake huahirishwa mpaka ale tena. Akishavuka uzito huo, homoni ya uchanga hushuka, ubongo unafunguliwa njia, na njaa haiwezi tena kumchelewesha. Inaweza tu kumpunja ukubwa. Kiwavi wangu, bila shaka, alikuwa ameshavuka.

Dhiki nyingine hupita milango tofauti. Buu la inzi wa matunda likijeruhiwa katika vijitishu vitakavyokuwa mabawa, vijitishu hivyo hutoa protini iitwayo Dilp8, iliyoelezwa mwaka 2012, nayo huuzuia mwili kumwaga ekdisoni mpaka jeraha litengenezwe. Kiwavi wa nondo wa nta akipigwa na baridi kali mwanzoni mwa hatua yake ya mwisho, homoni ya uchanga hupanda, naye hujivua gamba mara ya ziada na kubaki kiwavi. Kinyume kabisa ni mbawakawa wa samadi, Onthophagus taurus, ambaye buu wake hukulia ndani ya donge moja aliloachiwa na mama: chakula kikiisha katika hatua ya mwisho, huharakisha kuwa pupa, kwa kuwa hana donge la pili la kusubiri.

Nondo wangu walitoka usiku mmoja. Niliwaweka kando kwa kando juu ya ubao, mabawa yakiwa bado yanajikunjua, na asubuhi, yalipokwisha kukauka, ya yule aliyekosa majani yalipungua ya mwenzake kwa upana wa ukucha. Gamba la nondo aliyekomaa halivuliwi tena, kwa hiyo kipimo hicho alikaa nacho mpaka alipokufa.