Karatasi ya kocha

Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha timu yetu ya mtaa hapa Wete, Pemba. Moyo umenijaa.

Mechi sita za mwisho tumeshinda tano. Kabla ya hapo tulikuwa tunachungulia kushuka daraja.

Kocha alikuja na ukurasa wa daftari, kaandika kwa mkono wake wachezaji anaotaka tuwaongeze: beki wa kushoto, kiungo wa kukaba, kipa wa akiba.

Hakufika hata nusu ya kuisoma. "Timu ishakaa sawa, tusiivuruge," kasema mzee mmoja. Watu makofi.

Kocha akaikunja karatasi yake mara nne, taratibu, akaitia mfuko wa kanzu. Hakusema neno. Mpaka sasa naiona ile mikono.

Nikawakumbusha Manchester United. Msimu wa 2023/24 walimaliza ligi nafasi ya 8, kisha wakaifunga Manchester City 2-1 fainali ya Kombe la FA. Kocha wao, Ten Hag, akaongezewa mkataba. Oktoba 2024 wakamfukuza, na msimu huo mpya ukaisha wakiwa wa 15.

Nikajibiwa hao wana pesa, tusijifananishe.

Lakini beki wa kushoto hana habari na pesa za Uingereza! Kijana wetu anayecheza pale ni winga. Magoli mengi tuliyofungwa yalipita upande wake, na si kosa lake, masikini.

Siku ya mwisho ya msimu nililia kwa furaha, wallahi. Ndiyo maana naogopa.

Jamani wa Chake, Mkoani, Unguja: kwenu timu ikimaliza vizuri, nani anathubutu kusema bado?