Kreni ya mzee

Jana jioni tulijazana kwenye ghala kuukuu la ufukweni kupanga eneo hilo ligeuzwe bustani, ramani imetandazwa mezani, kila mtu na kalamu yake. Wasanifu walikuja na mchoro unaobomoa kila kitu. Mzee mmoja aliyepakua meli hapo ujana wake wote akaweka kidole kwenye kreni: "Wanangu, hii iacheni." Kimya. Nikakumbushia Gas Works Park ya Seattle, Marekani: kiwanda cha gesi kilichofungwa 1956, bustani ikafunguliwa 1975, mitambo bado imesimama.

Langu lilikuwa udongo. Viwanda huacha madini ya risasi na mafuta ardhini, na watoto watacheza pale pale. Swali langu, "Je, udongo huu ni salama?", limebandikwa ukutani kwa wino mwekundu. Wiki ijayo narudi, nataka jibu.