Halmashauri ikitaka kiwanja cha maktaba

Kabla madiwani hawajapiga kura, ulizeni fedha ya fidia kwa watakaohamishwa iko wapi. Nchini Tanzania hapo ndipo mipango mingi hukwama. Fidia si bei ya ardhi na jengo tu. Kanuni za fidia ya ardhi za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, pango la miezi 36 kwa anayepoteza makazi, na faida anayopoteza mfanyabiashara. Bajeti iliyohesabu kiwanja peke yake haitatosha.

Uthamini, yaani kukadiria thamani ya mali za kufidiwa, nao una muda wake. Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 riba inaanza. Ikipita miaka 2, kazi inarudiwa upya, huku familia zimezuiwa hata kuongeza chumba. Ni dhuluma, kwa kweli.

Mkinunua jengo lililopo, mpelekeni mhandisi kwanza. Rafu za vitabu zinataka sakafu ya kubeba takribani kilo 700 kwa mita ya mraba. Ya ofisi kwa kawaida haifiki nusu yake. Ndiyo maana vitabu viwekwe ghorofa ya chini. Upekuzi wa hati ufanyike ofisi ya ardhi: rehani, zuio la mahakama, mipaka.